Mgeni wa Kila Jumapili

Siku moja naikumbuka kuliko zote nilizoishi hapa Juba, mwanangu, na si kwa uzuri wake. Ilikuwa Jumapili, wiki chache baada ya Pasaka, katika kanisa dogo la Gudele ambalo wakati ule lilikuwa rakuba tu: nguzo za miti, mabati juu, pande zote wazi, vumbi likiingia bila hodi. Kiongozi wa ibada alifika kwenye matangazo akasema wageni wasimame tuwaone. Nikasimama. Sikuwa nimetoka safari yoyote. Chumba changu kilikuwa mwendo wa robo saa kutoka pale.

Ngoja, nitaeleza. Nyinyi vijana mnapenda mtu aanze na mwisho, mimi siwezi. Wenzangu barazani wananiambia nazunguka sana nikisimulia, na mimi huwajibu kwamba hakuna aliyewafunga kamba.

Nilikulia Uganda, kambini, kama wengi wa rika langu. Baba na mama wote nimewazika huko. Amani ilipokuja watu wakasema twendeni nyumbani, nami nikafunga virago nikaja nyumbani. Nyumbani gani? Kule Magwi nilikuta nyasi zimesimama palipokuwa na boma la baba, na mzee mmoja aliyeniuliza mimi ni nani mara tatu, kila nilipomjibu akatikisa kichwa. Nikashuka Juba. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, na katika mji wote huu hapakuwa na mtu wa kuniita kwa jina.

Nikapata kazi uwanja wa ndege, kubeba mizigo. Asubuhi mpaka jua kuzama napandisha masanduku ya watu wanaokwenda Nairobi na Entebbe, nashusha ya wanaorudi. Kila sanduku lina karatasi yenye jina la mwenyewe na mahali anapokwenda. Pale mlangoni watu wanakumbatiana, wanalia, wanacheka, mtoto anarushwa juu. Mimi napita katikati na toroli nikisema samahani, samahani. Nadhani mwaka ule neno nililosema zaidi ya yote ni hilo. Jioni narudi Gudele, nakaa kitandani, nawasikiliza majirani wakigombana na wake zao. Nakuambia kweli, niliwaonea wivu hata kwa ule ugomvi.

Basi Jumapili moja nikaingia kanisa kubwa kule Thongpiny, karibu na kazini, nikakaa nyuma kabisa. Wakaita wageni. Nikasimama kwa sababu kweli nilikuwa mgeni. Loo! Kanisa zima likageuka, kwaya ikaniimbia, watu wakaacha viti vyao kuja kunishika mkono, mmoja baada ya mwingine, wengine kwa mikono miwili. Baada ya ibada nikapelekwa kwenye chumba cha wageni, chai ya maziwa na mandazi, na mama mmoja mnene akaniuliza, umelalaje mwanangu? Tangu nifike Juba hakuna aliyekuwa ameniuliza nimelalaje. Nilikaribia kulia juu ya andazi.

Jumapili iliyofuata nikawahi mapema, nimepiga pasi shati. Wakaita wageni. Sasa mimi nilikuwa si mgeni tena, nikakaa. Waliimbiwa wengine. Baada ya ibada kila mtu akaondoka na watu wake, na yule mama mnene akapita akanitabasamia kidogo akiwa na haraka zake. Nikatembea mpaka Gudele peke yangu kwenye jua la saa saba. Njiani nikafikia uamuzi ambao niliuona wa busara sana. Jumapili ya tatu nikaenda kanisa jingine.

Unaona nilipoelekea. Juba haina upungufu wa makanisa. Yapo ya Kiarabu cha Juba, yapo ya Kiingereza, yapo ya lugha za makabila, na yapo haya ya Kiswahili ambako Waganda wa madukani na Wakenya na sisi tuliorudi kutoka kambini tunakutana. Nikayazunguka. Baada ya muda nikawa fundi. Nilijua kwamba ukisema unakaa Gudele, wanakuandika kwenye daftari, wanakukabidhi kwa kiongozi wa mtaa, na Jumapili ya pili wanakutegemea ubebe benchi. Lakini ukisema unapita tu, umetoka mbali na juma hili unarudi, wanakupenda mapenzi yote siku hiyo hiyo moja. Kwa hiyo nikawa napita. Kazi yangu ilinisaidia, maana nilijua ndege gani imetua siku gani na basi gani limetoka Nimule. Nilisimama nikasema Bwana asifiwe, naitwa Okeny, nimetoka mahali fulani, nasali kanisa fulani, ndugu wa huko wanawasalimu sana. Kanisa linaitikia, tumezipokea. Kisha kiongozi anasema, na wewe ukirudi uwafikishie salamu zetu. Nami naitikia, nitazifikisha.

Fikiria, mwanangu. Mwaka mzima napokea salamu za makanisa ya Juba, na zote zinaishia kitandani kwangu Gudele. Sikuona ubaya. Salamu ni maneno tu, nilijiambia, nani anazihesabu?

Sasa turudi kwenye ile rakuba. Siku ile nilisema nimetoka kambi iliyo nje ya Adjumani, nasali kanisa lile lililo karibu na kisima. Nilipataja pale kwa kuwa niliwahi kupita nikiwa kijana, na kwa kuwa mahali pengine pote nilikuwa nimeshapatumia. Nikasema Alhamisi narudi. Wakaniimbia, wakanishika mkono. Baada ya ibada wakanikalisha kwenye kiti cha plastiki chenye mikono, wakaniletea asida, ule ugali wetu wa hapa, na majani ya kunde, na mimi nikala kwa raha zote.

Nikiwa nakula akaja bibi mmoja na fimbo, miguu yake imevimba mpaka viatu vimekatwa nyuma ili viingie. Wenyewe walimwita Habuba, ndivyo tunavyowaita mabibi hapa, na jina lake lilikuwa Kiden. Kibari chake sikukijua, Kiacholi changu hakukijua, lakini naye alikaa Uganda miaka mingi, kwa hiyo Kiswahili cha kambini kilitutosha. Alikaa, akanishika mkono wangu wa kushoto, na hakuuachia tena. Akaniuliza kama namjua Tombe, mwanawe, anayepiga ngoma kwenye kwaya ya kanisa lile la kisimani.

Ningesema simjui, ingetosha. Lakini mtu akiwa amezoea kupendwa kwa uongo hujibu upesi. Nikasema namjua sana, yule mrefu.

Habuba akacheka, akasema Tombe ni mfupi, mfupi kabisa, alimrithi babu yake. Nikasema ndiyo, mfupi, ila akiwa kwenye ngoma anaonekana mrefu. Akacheka tena mpaka akafuta macho. Alifurahi, maskini, kwamba nimemwona mwanawe akipiga ngoma.

Kisha akanieleza habari yake, na hakujitetea hata kidogo. Tombe alipotaka kuoa, alimpata binti wa kabila jingine, anaitwa Rose, na Habuba hakumtaka. Walibishana nyumbani yakaisha, au kila mtu alidhani yameisha. Siku ya harusi mchungaji akauliza, kama ilivyo desturi, kama kuna mwenye pingamizi aseme sasa. Kila mtu anajua swali lile huulizwa ili lipite. Habuba akasimama. Akasema mbele ya kanisa zima kwamba hamtaki mwanamke huyu, na kama Tombe atamchukua basi ahesabu kwamba mama yake amekufa. Bi harusi alilia mpaka shela ikalowa. Harusi ilifungwa, saa moja baadaye, wengine wakiwa wameshaondoka. Habuba akapanda gari akaja Juba kwenye kiwanja cha marehemu mumewe, na tangu siku hiyo mwana hakupokea simu yake.

Akatoa bahasha kwenye kitenge chake. Alikuwa amemwambia mwinjilisti wa kanisa maneno, naye akayaandika. Maneno aliyoniambia Habuba siku ile bado nayasikia vilevile alivyoyatamka.

"Simu yangu anakata. Sasa mimi nilimuaibisha kanisani mbele ya watu, nitaomba radhi kanisani mbele ya watu. Ukisimama kutoa salamu, usome hii. Mtu wa kanisa hawezi kumkata."

Nikaipokea kwa mikono miwili. Nikamwambia Jumapili ijayo itasomwa.

Utaniuliza kwa nini sikwenda tu. Swali zuri. Barabara ya Nimule ilikuwa wazi, mabasi yalikuwepo, na mkuu wangu wa kazi angeninung'unikia tu halafu angenipa siku mbili. Sikwenda kwa sababu kule kisimani wangejua dakika ya kwanza kwamba hawajawahi kuniona. Uongo wangu wote ulikuwa salama mradi sifiki mahali ninaposema nimetoka. Nikasema nitampa dereva wa basi, lakini dereva gani atasimama kanisani kusoma barua ya bibi? Nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo nikasema mwezi ujao, nikishapata likizo. Bahasha niliiweka kwenye sanduku la bati pamoja na karatasi zangu za kazi, na kila nilipofungua kutafuta kitu niliisogeza pembeni bila kuiangalia. Kanisa la rakuba sikulikanyaga tena. Ilibidi hata nibadilishe njia ya kwenda dukani.

Na bado Jumapili nilikuwa naenda kusimama mahali pengine. Sikufichi hilo, nakuambia ulijue. Nilisimama, nikaimbiwa, nikala.

Ikapita masika yote, ikafika majuma ya kuingojea Krismasi. Siku moja nilikuwa nashusha mizigo ya ndege ya Nairobi. Mlangoni palikuwa na mtu amekuja kumpokea mhubiri, mtu mwembamba, suti yake imeshonwa vizuri. Nilimtambua kabla hajanitambua. Alikuwa Mwinjilisti Pitia wa kanisa la rakuba, ambaye siku za kazi alikuwa fundi cherehani. Nikageuza toroli, lakini gurudumu moja lilikuwa bovu, likagoma. Akaniangalia usoni, akaangalia kizibao changu cha rangi ya machungwa, akaangalia kitambulisho kifuani. Kilikuwa na tarehe ya kuajiriwa. Fundi wa nguo ana macho makali kwa vitu vidogo.

Hakupaza sauti. Aliniuliza kama nimeacha kukaa Adjumani. Nikasema sijawahi kukaa pale. Akauliza nakaa wapi. Nikasema Gudele. Watu wakitupita na mizigo yao, akaniambia Habuba Kiden amezikwa, wiki ya tatu sasa.

Akaniambia akina mama wa kanisa ndio waliomwogesha, vijana wa kanisa ndio waliochimba kaburi, na matanga walikaa wao siku tatu, maana hakuwa na ndugu mjini. Kisha akaniambia neno ambalo nimeishi nalo mpaka nywele zimekuwa nyeupe hivi.

"Kila Jumapili nikiwaita wageni wasimame, Habuba aligeuka nyuma. Alijua Tombe akija atakuja siku hiyo, atasimama na wageni. Shingo ilikuwa inamuuma, lakini aligeuka. Miezi saba, Okeny."

Alilikumbuka jina langu. Nilikuwa nimesimama mbele ya kanisa lake mara moja tu, dakika mbili, na alilikumbuka. Nikaanza kusema malesh, nisamehe, akaniinulia mkono ninyamaze. Aliniambia uongo wangu si kitu cha kumshangaza, watu wengi huingia kanisani na uongo wao, ndiyo maana kanisa lipo. Kilichomuuma ni kwamba niliimbiwa, nikalishwa, nikashikwa mikono, na sikutaka wanijue. Akauliza barua iko wapi. Nikasema ninayo. Akasema mwenye kupelekewa yuko hai bado, nikaipeleke, tena niisome pale pale aliposema isomwe.

Ijumaa nikapanda basi. Sikumwomba mkuu ruhusa, nilimwambia tu naondoka. Kutoka Nimule nikavuka, nikapata gari mpaka Adjumani, nikalala kwenye nyumba ya wageni yenye kunguni, na Jumapili asubuhi nikapanda boda mpaka kisimani. Kanisa lilikuwa limepanuliwa, halikufanana na nilivyolikumbuka. Mbele kwenye kwaya nikamwona mpiga ngoma. Alikuwa mfupi kweli. Miguu ya ngoma ilikuwa imekatwa ili imfikie.

Wakaita wageni wasimame. Mwanangu, nilikuwa nimesimama makanisa mangapi kwa wepesi, na siku ile nilishikilia benchi la mbele yangu nisianguke. Nikasema Bwana asifiwe. Naitwa Okeny, nakaa Gudele, Juba, nabeba mizigo uwanja wa ndege. Sina kanisa. Nina barua ya Habuba Kiden, mama yake Tombe, aliyotaka isomwe hapa. Nilipewa baada ya Pasaka. Ilikaa kwenye sanduku langu. Yeye amefariki.

Kisha nikasoma. Haikuwa ndefu.

"Mimi ni Kiden, mama ya Tombe. Mnanijua, nilisimama hapa siku ya harusi nikasema maneno mabaya. Mbele yenu wote nasema nilikosea. Rose, mwanangu, nisamehe. Tombe, nisamehe. Nyumba ya baba yenu iko, nimewafagilia chumba. Kama mmenisamehe, msitume mtu. Njooni wenyewe."

Hakuna aliyeimba. Mchungaji mwenyewe alikuwa amefungua kitabu cha nyimbo akabaki amekishika. Tombe aliweka vijiti vyake juu ya ngoma, akapita mlango wa pembeni akatoka. Aliyenijia alikuwa mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni, akanyoosha mkono nikampa ile barua. Ndiye Rose. Aliisoma upya akiwa amesimama mbele yangu, akaikunja, akaiingiza kifuani.

Nilimkuta Tombe nyuma ya kanisa ameegemea ukuta. Nilijiandaa kupigwa, na nakuhakikishia ningepigwa ningeshukuru. Hakunigusa. Alizungumza akiangalia chini.

"Walinipigia simu alipokufa. Walisema watanisubiri siku mbili nije nimzike. Nikawajibu wamzike tu, mimi sina mama Juba. Nilisema hivyo. Watoto wangu walikuwa wanasikia."

Nikasema kaka, nimekosa. Akaniuliza kama mama yake aligeuka nyuma kweli kila Jumapili, maana inaonekana Mwinjilisti Pitia alishawaambia watu waliompigia simu, na yeye hakuamini, alidhani ni maneno ya kumpoza. Nikasema aligeuka. Akauliza alikuwa na sura gani siku aliponipa barua. Nikamwambia alicheka. Nikamweleza kwa nini alicheka, hata uongo wangu kwamba yeye ni mrefu. Hapo ndipo Tombe alipolia, mtu mzima, kwa sauti, mpaka watoto waliokuwa wakicheza karibu wakakimbia.

Alipomaliza akajipangusa na shati. Akaniambia hawezi kunisamehe, na nisikae pale nikimngoja aweze. Rose alinipa chai kwa sababu nilikuwa mgeni na desturi ni desturi. Nilikirudisha kikombe kimejaa. Mpaka leo Tombe hajaniletea neno, zuri wala baya, na simdai. Alikuja Juba siku moja tu, nilisikia, akaenda kaburini na mkewe, wakafunga ile nyumba, wakarudi. Hakupita kunisalimu. Mimi ningefanya vivyo hivyo.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwenye rakuba. Mwinjilisti aliita wageni, nikabaki nimekaa. Nilipita kwake baadaye nikamwambia aniandike kwenye daftari, jina langu na mtaa wangu na nyumba ya tatu baada ya kinu cha kusaga. Hakunikumbatia. Aliandika, akasema Jumamosi tunapiga lipu ukuta mpya wa kanisa, njoo na ndoo. Kwa miezi mingi pale hakuna aliyefurahi kuniona. Akina mama waliomwogesha Habuba walinipa mkono kwa ncha za vidole. Nilibeba ndoo, nikabeba mabenchi, nikachoka nao, nikabishana nao kuhusu rangi ya vazi la kwaya. Polepole mmoja akaanza kuniuliza nimelalaje. Hakunipa chai alipouliza, alikuwa na haraka, lakini alisubiri nimjibu.

Usidhani upweke umekwisha. Sikuoa, na sasa umri umekwenda. Jioni bado nakaa kitandani, na majirani siku hizi hata hawagombani, wana simu zao. Mwinjilisti Pitia naye tumemzika. Kuna Jumapili nakaa katikati ya watu mia tatu na najihisi kama niko uwanjani nikisukuma toroli. Sitakudanganya kwamba kanisa linaponya kila kitu, nimeshadanganya vya kutosha maishani. Ila nikiugua malaria, kabla sijamwambia mtu, mtu ameshagonga. Na najua nani atachimba kaburi langu, na kwamba watabishana kuhusu wimbo, na kwamba mmoja wao atachelewa kama kawaida yake. Kujua hivyo ni kitu kikubwa katika mji huu ambako nusu ya watu wameshuka jana na nusu wanaondoka kesho.

Kwa hiyo nisikilize, wewe uliyeshuka na basi au ndege, unayekwenda leo kwa nabii huyu kwa kuwa anatabiri na kesho kwenye kwaya ile kwa kuwa inapiga vizuri. Mapenzi ya Jumapili ya kwanza ni rahisi, hata mimi nimeyapata mara hamsini. Rudi Jumapili ya pili, ile ambayo hakuna atakayekutazama. Vumilia ya tatu na ya nne. Waambie unakokaa, uwaache wakuandike, wakujue na ubaya wako, wakukasirikie. Na ukiambiwa fikisha salamu, kama huendi sema siendi, usione haya. Nyuma ya salamu kuna mtu anayesubiri, na yeye hana njia ya kujua kwamba aliyembebesha ni mwongo. Nanyi mnaowapokea wageni kwa nyimbo, Mungu awabariki kwa nyimbo zenu, lakini mgeni wenu msimpe chai tu mkamwacha aende. Mwulizeni analala wapi, na mkamtazame huko.

Mimi nimesema. Mungu akupe kanisa lenye watu wenye maswali mengi, wasioridhika na jibu fupi. Akupe mama wa kukukaripia ukivaa shati chafu na mzee wa kukupa ndoo. Na Jumapili utakayokosa, kuwe na mtu atakayevaa viatu vyake, aje mpaka mlangoni kwako kwenye jua lote hilo, agonge, na asiondoke mpaka umefungua.